Ng'ambo ya Mutukula: familia ya kimisionari ya Kitanzania ndani ya Uganda

Mpaka wa Tanzania na Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, kwa sehemu kubwa haukuwekwa na mto wala mlima. Ni mstari ulionyooka wa latitudo ya digrii 1 kusini, uliopigwa kwa rula enzi za wakoloni. Ndiyo maana ukisimama Mutukula, kituo cha kuvukia mpakani, migomba ni ileile huku na huku, na pesa inaitwa shilingi huku na huku. Familia ya kimisionari inayotoka Bukoba, Mwanza au Njombe ikivuka hapo hujisemea kwamba haijaenda nje ya nchi, imehama mkoa tu. Makosa mengi ya mwaka wa kwanza yanazaliwa na wazo hilo. Mmisionari wa Kijerumani au wa Kikorea hufika akijua kwamba hajui: anauliza kila kitu, na watu wanamvumilia. Mtanzania havumiliwi hivyo kwa sababu anafanana na wenyeji, na mwenyewe haulizi kwa sababu anadhani anajua.

Tunayoyaandika hapa yanahusu zaidi Kampala na upande wa Masaka. Kaskazini kuna mambo yake, tutayagusa tu.

Karatasi kwanza, tuzimalize. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Uganda bila viza, lakini mhuri anaogongewa mpakani ni wa mgeni. Mhuri huo haumruhusu kufanya kazi, na kuhubiri, kufundisha chuo cha Biblia au kusimamia kituo cha watoto ni kazi hata kama hakuna anayekulipa ndani ya Uganda. Kinachotakiwa ni kibali cha kazi. Huombwa kwa mtandao, na mwenye kuwaombea ni kanisa au shirika linalowapokea, wala si lile lililowatuma. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kanisa mwenyeji linaweza kuwa na upendo tele lakini cheti chake cha usajili kimepitwa na wakati. Ulizeni cheti hicho, na mkione kwa macho, kabla hamjauza kitanda. Cheti cha polisi cha tabia njema kichukueni Tanzania kabla ya safari. Kukitafuta kutoka ng'ambo ni kumsumbua ndugu mmoja wiki kadhaa. Mke na watoto hupewa pasi ya wategemezi, na mwenye pasi hiyo haruhusiwi kuajiriwa. Kama mama ni muuguzi au mwalimu na kanisa linategemea kumtumia kazini, aombewe kibali chake mwenyewe tangu mwanzo.

Kuna neno moja linalowachanganya watu pale mpakani: kadi ya njano. Afisa wa afya akiiomba anataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu 2016 ni cha maisha na hakihitaji kurudiwa kila miaka kumi. Afisa mwingine akiiomba huku anatazama gari lenu anataka Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka. Tanzania ilishatoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lakini imo kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi inapatikana kwa makampuni ya bima ya nyumbani. Ikateni kabla ya kufika mpakani.

Sasa pesa, maana hapa ndipo jina moja la shilingi linapowaponza watu. Shilingi ya Tanzania hununua zaidi ya shilingi moja ya Uganda, ila hiyo "zaidi" hupanda na kushuka. Usharika wa nyumbani ukiahidi laki tano kila mwezi, ulizeni siku hiyohiyo: laki tano ya wapi? Iandikwe kwenye barua. Mweka hazina mmoja akistaafu na mwingine akaingia, shilingi isiyo na jina la nchi huzua ugomvi wa mwaka mzima. Mkishabadilisha fedha Mutukula, noti zinaonekana zimeongezeka na mtu anajiona tajiri kwa siku tatu hivi. Dawa yake ni kuandika bajeti nzima kwa shilingi ya Uganda na kuacha kabisa kuzidisha na kugawanya kichwani mkiwa sokoni.

Tatizo kubwa kuliko kiwango cha kubadilisha ni majira ya fedha. Michango huja mwezi kwa mwezi, lakini matumizi makubwa ya Uganda huja kwa mafungu: kodi ya nyumba miezi mitatu mitatu kwa wenye nyumba walio wengi, na ada ya shule mara tatu kwa mwaka, kwani mihula ni mitatu. Kwa hiyo Februari, Mei mwishoni na Septemba ni miezi ya kukauka. Familia inayotenga sehemu ya ada na kodi kila mwezi tangu siku ya kwanza huvuka. Isiyofanya hivyo huomba mkopo kwa mzee wa kanisa mwenyeji, na mmisionari anayedaiwa na mzee wa kanisa hawezi tena kumwambia mzee huyo neno gumu. Wekeni pembeni pia nauli ya familia nzima ya kurudi nyumbani, fedha isiyoguswa hata kwa ugonjwa mdogo. Kwa matumizi ya kila siku simu zinatosha, MTN na Airtel zimeenea. Kumbukeni tu kwamba kutoa fedha taslimu kuna ada ya kampuni na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi mnachotoa. Anayelipa ada, umeme na maji moja kwa moja kutoka kwenye simu anakwepa makato ya kutoa, na risiti anabaki nayo.

Mkishapata nyumba, msilale wiki bila kumwona mwenyekiti wa LC1. Huyu ndiye mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na kwa Mtanzania ni rahisi kumwelewa ukimfikiria mjumbe wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa katika mtu mmoja. Nendeni na mchungaji mwenyeji au mwenye nyumba, mkiwa na nakala za pasipoti na picha ndogo, na mke na watoto wasibaki nyumbani: mwenyekiti anataka kuwaona wote watakaoishi humo. Atawaandika kwenye daftari lake, na baadaye barua yake yenye muhuri mtaihitaji benki, polisi na shuleni. Faida yake nyingine haiandikwi popote. Kukitokea wizi au uvumi mtaani, mgeni anayejulikana na mwenyekiti hulala salama.

Umeme ni wa malipo ya kabla, wenyewe wanauita Yaka, ni ndugu wa LUKU yetu. Tangu Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni binafsi iliyoitwa Umeme kuisha; usishangae jina la zamani likiendelea midomoni mwa watu. Wateja wa nyumbani hupata uniti 15 za kwanza za mwezi kwa bei nafuu, kisha bei hupanda. Nyumba ya kupanga yenye mita moja kwa wapangaji wanne hupoteza nafuu hiyo, kwa kuwa uniti 15 humalizwa na wote ndani ya siku chache. Kabla ya kusaini, nunueni umeme wa fedha ndogo na mhesabu uniti zinazoingia; zikiwa pungufu, ulizeni deni la aliyetangulia. Na radi za ukanda wa Ziwa Victoria si za mchezo. Mawingu yakijikunja, chomoeni friji, runinga na chaja ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Jiko la mkaa wanaliita sigiri. Mtungi wa gesi mliotoka nao nyumbani uacheni hukohuko, maana mitungi hubadilishwa kwa wakala wa kampuni ileile, na wakala wa kampuni yenu huenda hayupo.

Jikoni ndiko mama wa familia anakogundua kwamba yuko ugenini. Akienda sokoni akasema "ndizi", ataletewa vindizi vidogo vitamu vya kula vikiwa vimeiva, kwa sababu kwa Kiganda *ndiizi* ni hivyo tu. Ndizi za kupika ni *matooke*, zile kubwa za njano za kula zikiiva ni *bogoya*, za kuchoma ni *gonja*, za kukamua juisi na pombe ni *mbidde*. Kila moja ina mgomba wake, na kununua mbidde ukidhani ni matoke ni chakula cha mchana kilichoharibika: mbidde ni chungu hata ukichemsha saa tatu. Mhaya hili analijua tangu utoto. Msukuma na Mhehe hulijua kwa kukosea.

Na matoke ya Kiganda si ndizi za kuchemsha na nyama kama wengi tulivyozoea. Hupikwa kwa mvuke. Pakeni mafuta viganjani kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utawaacha na mikono myeusi siku mbili, na kila ndizi iliyomenywa itupwe kwenye maji ili isibadilike rangi. Kata vikonyo vya majani ya mgomba, panga chini ya sufuria kama kitanda, mimina maji yasipite kitanda hicho. Majani yenyewe hupitishwa kwenye moto ili yalegee yasipasuke, kisha ndizi hufungwa humo zikawa kifurushi kimoja kikubwa, kikafunikwa kwa majani mengine tabaka mbili tatu na kukandamizwa pembeni ili mvuke usitoroke. Moto mkali kwa muda wa saa moja hivi, mpaka ndizi ziwe laini na njano. Hapo kifurushi hutolewa na kubonyezwa kwa nje, kingali cha moto, mpaka ndani kuwe ugali mmoja laini, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo saa moja nyingine au zaidi. Hatua hii ya pili ndiyo wageni huiruka kwa sababu ya njaa, na ndiyo inayotofautisha matoke ya kusifiwa na matoke ya kuvumiliwa. Yanayoharibika ni mawili: maji kukauka chini (harufu ya kuungua hupanda hadi juu na haitoki) na mtu kufunuafunua kuangalia. Sikilizeni sufuria, ikinyamaza, ongezeni maji ya moto pembeni.

Tumelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linagusa utumishi. Chakula kinachokaa jikoni kwa muda wa saa nne maana yake mchana huliwa saa nane au saa tisa, na ukipanga kikao cha akina mama saa saba umewapangia wasije, au waje wakiwa wameacha sufuria. Tena kwenye mwaliko, "chakula" ni matoke, ugali wanaouita *posho*, wali, viazi, mihogo na maboga, vyote kwenye sahani moja, na kinachobaki kama maharage, mchuzi wa karanga na nyama ni kitoweo. Mgeni anayechukua wali peke yake huonekana amekataa chakula. Chukua kidogo kidogo cha kila kitu.

Lugha sasa. Kiswahili kina historia ya ajabu Uganda. Wamisionari wa kwanza wa Kanisa la Uingereza walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, Juni 1877, na Wakatoliki wa White Fathers Februari 1879. Kwenye ikulu hiyo Kiswahili kilikuwa kinajulikana kupitia wafanyabiashara wa pwani, na Alexander Mackay alifundisha kwa Kiswahili kabla Maandiko ya Kiganda hayajawa tayari. Baadaye kikaingia jeshini, na katika miaka ya Amin na baada yake watu wengi wa kusini walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki aliyepiga mlango usiku. Kwa sheria ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni. Lakini sheria haiwezi kufuta kumbukumbu za bibi wa miaka sabini. Ukimsalimia kwa Kiswahili kikali na sauti ya juu, atajibu, ila atarudi nyuma hatua moja.

Kwa hiyo anzeni na Kiganda, hata kama ni cha salamu tu. Asubuhi ni *wasuze otya* kwa mtu mmoja na *mwasuze mutya* kwa wengi. Mchana na jioni ni *osiibye otya*. Malizia na *ssebo* kwa mwanamume na *nnyabo* kwa mwanamke. Salamu isiyo na neno hilo ni kama amri. Ukimkuta mtu kazini, hata kama anafagia tu, mwambie *gyebale ko*, yaani hongera kwa kazi. Kisha mpeane zile "mm" za kupokezana bila haraka. Mtanzania anayezikatisha ili aingie kwenye shida yake amejiaibisha bila kujua. Saa za Kiganda kwa bahati ni zetu, *ssaawa emu* ni saa moja, ila mtu akizungumza Kiingereza hutumia saa za Kizungu. Ibada "ya saa tatu" iulizwe mara mbili.

Shikamoo haipo. Msichana wa Kiganda humsalimia mkubwa akipiga magoti, na mke mbele ya wageni vilevile. Baadhi ya walokole wetu huona hilo kama kuabudu mtu, wakawakataza binti zao. Tunaona ni kosa. Ni shikamoo ya mwili, na binti wa mmisionari anayesimama wima mbele ya mzee wa kanisa huonekana hakulelewa, hata akisali masaa. Amueni nyumbani kabla ya kufika kanisani, msije mkagombana na mtoto barazani mbele za watu.

Kuna maneno yanayofanana na yetu kwa mtego. *Omusumba* kwa makanisa ya kilokole ni mchungaji, kwa Wakatoliki ni askofu. Ukijitambulisha hivyo kwa familia ya Kikatoliki umejipandisha cheo. *Okusoma* ni kusoma, lakini pia ni kwenda kusali. Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Na kwenye maombi ya kufunga ibada mtasikia kitenzi cha Kiganda cha kulinda, kinachoombwa kwa dhati na mara nyingi, ambacho kwa sikio la Mswahili ni tusi zito. Waandaeni watoto kabla ya Jumapili ya kwanza, na ninyi wenyewe mjiandae. Kicheko cha mgeni wakati wa baraka hakisahauliki.

Masaka wana sababu yao ya ziada ya kututazama kwa makini. Mji huo uliharibiwa vibaya na jeshi la Tanzania mwanzoni mwa 1979, kabla Kampala haijaanguka Aprili 11. Wazee wa hapo wanaikumbuka furaha ya Amin kuondoka, na wanakumbuka pia nyumba zilizobomoka. Tanzania tunafundishwa nusu moja ya habari hiyo. "Sisi ndio tuliowakomboa" ni sentensi ya kuacha Mutukula, hata kwa utani.

Kwingine mambo hugeuka. West Nile na Karamoja, upande wa kaskazini, Kiswahili husikika zaidi na bila chuki hiyo, na kwenye makambi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, penye Wakongomani wengi, mhubiri wa Kitanzania anaweza kuanza kazi siku anayofika. Tahadhari ni moja: Kiswahili chao kina "batoto" na "kuya", na si kibovu. Anayesimama mimbarani kuwasahihisha sarufi watu waliokimbia vita amekosa kazi ya kufanya.

Kanisani kwenyewe, sehemu itakayowashangaza wengine kidogo ni mnada. Baada ya ibada sadaka za vitu, yaani mayai, kuku, mkungu, muwa, hunadiwa papo hapo. Kwa Walutheri wa Tanzania si jambo geni. Mmisionari asipandishe bei ya kila kitu kwa kutaka kusaidia kanisa, maana anawanyima wajane nafasi ya kununua mkungu kwa bei wanayoiweza. Nunua kimoja, na ukipenda kirudishe kinadiwe tena.

Lakini kama kuna kitu kimoja kitakachoamua kama mnakubalika au la, ni misiba. Uganda mtu huzikwa kwao kijijini, mara nyingi siku chache baada ya kufa, na watu hukodi gari kusindikiza. Ukiwa na mahubiri matatu wiki hiyo na msiba wa mshirika mmoja, ahirisha mahubiri. Buganda kuna mchango wa rambirambi unaoitwa *mabugo*, jina linalotokana na nguo ya gome la mti iliyofungiwa maiti; hutolewa kwa bahasha au kuandikwa kwenye daftari lenye jina na kiasi, na daftari hilo husomwa na familia baadaye. Kiasi kidogo chenye jina lenu kina uzito kuliko kikubwa kilichotumwa kwa simu. Wekeni fungu la misiba na harusi kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu kamati za harusi zitakuja na kadi, na wote hamtawaweza. Kwa harusi pangeni kiwango kimoja na mkishike. Kwa misiba, nendeni.

Ombi litakaloumiza zaidi ni la ada. Mmisionari, hata Mtanzania wa mshahara wa kuungaunga, anahesabiwa kuwa na wafadhili nyuma yake. Mama atakuja na mtoto mwenye akili, na mtataka kusema ndiyo. Hesabuni kwanza: shule ya msingi ya Uganda ni miaka 7, sekondari 6. Mkibeba mtoto wa darasa la tatu kisha mkahamishwa baada ya miaka miwili, mmemtoa kwenye shule aliyoiweza mama yake na kumwacha kwenye asiyoiweza. Ni heri kulipa kitu kinachoisha, kwa mfano sare, madaftari au ada ya mtihani, tena kupitia kamati ya kanisa, jina la mtoaji likae pembeni.

Watoto wenu nao wanahitaji mpango wa mapema. Aliyesoma Tanzania kwa Kiswahili akiingia darasa la nne la Uganda atakuta masomo yote kwa Kiingereza, na kwa shule za mijini hata madarasa ya chini yako hivyo. Kumrudisha darasa moja nyuma humuumiza kwa muhula mmoja, na kumlazimisha kuendelea na umri wake humuumiza kwa miaka. Msihamie Uganda mtoto akiwa darasa la saba: wanafunzi wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, husajiliwa mapema mwaka huo kwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na aliyekuja akichelewa hurudia mwaka. Matokeo ya PLE yatawachanganya babu na bibi nyumbani. Masomo ni manne, kila moja linapewa alama kuanzia 1 iliyo bora hadi 9, kisha hujumlishwa. Anayepata 4 kwa jumla amefaulu kupita kiasi, na daraja la kwanza ni 4 hadi 12. Babu akisikia mjukuu "amepata nne tu" mtaulizwa mlimpeleka huko kufanya nini.

Ada siyo bei yote. Kuna orodha ya vitu vya kupeleka muhula unapofunguliwa, wanaiita rikwayamenti: karatasi za chooni, fagio, rimu ya karatasi, sabuni, pengine sukari. Ombeni orodha ya mwaka uliopita kabla hamjalipa, na nunueni kwa jumla sokoni. Wiki ya kufungua shule bei hupanda na mtoto asiye na fagio hurudishwa getini.

Kiswahili cha watoto hufa kimyakimya. Ndani ya miaka miwili wanacheza kwa Kiganda, wanasoma kwa Kiingereza, na Kiswahili kimebaki cha kuitwa kula. Wimbo wa Jumapili hauzuii hilo. Kinachosaidia ni kusoma kwa sauti kila jioni, sura moja ya Biblia ya Kiswahili kwa zamu, na simu ya kila wiki kwa bibi ambaye hajui Kiingereza.

Kuhusu afya tutasema la malaria tu, kwa sababu familia zinazotoka Njombe, Makete au Mbulu kwenye baridi hufika zikiwa hazijaizoea. Homa ya mtoto ipimwe siku hiyohiyo. Msikae mkisubiri panado ifanye kazi. Dawa mseto ya kawaida ina vipimo 6 kwa siku 3: cha kwanza papo hapo, cha pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Kosa la kila mara ni kutoa cha pili "kesho asubuhi" kwa kuwa mtoto amelala. Mwamsheni. Apewe na maziwa au chakula chenye mafuta, maana bila mafuta dawa haifyonzwi vizuri, na akitapika ndani ya saa moja kipimo kirudiwe. Akipata degedege, akishindwa kunywa au akiwa mzito wa kuamka, hilo si la vidonge tena, ni la hospitali usiku huohuo.

Barua kwa waliowatuma ziandikwe kila baada ya miezi miwili, fupi, zikiwa na hesabu na maombi matatu. Msitegemee Facebook: ilifungwa Uganda Januari 2021 kabla ya uchaguzi, na siku hizohizo intaneti nzima ilikatwa kwa siku kadhaa. Majira ya uchaguzi watumieni taarifa mapema kwamba huenda mtanyamaza, ili bibi asipige simu ubalozini. Picha ya mtoto wa watu akiwa na njaa msiitume hata mkiombwa na kamati ya uinjilisti. Mama yake ana WhatsApp kama ninyi.

Likizo ya nyumbani ipangeni Desemba. Tanzania ina mihula miwili na Uganda mitatu, kwa hiyo binamu zao wakiwa likizo Juni, wa kwenu wako darasani, na wa kwenu wakifunga Mei au Agosti, binamu wako darasani. Desemba na Januari ndipo wanapokutana. Katieni basi tiketi mapema, kwani wiki ya mwisho kabla ya Krismasi nauli hupanda na foleni ya Mutukula hufika barabarani. Kabla ya kufunga mizigo tazameni tarehe za vibali na pasi za watoto, moja moja, kila jina. Pasi ikiisha mkiwa Bukoba mnakula senene, mtarudi kwa mhuri wa mgeni na kuanza upya foleni ambayo mlishaimaliza.